Mwanzilishi akibaki mwenyekiti mtendaji, mrithi ataongoza kweli?

Mkaazi wa Kizingo
Assalamu alaykum, waungwana. Ninafanya kazi katika kampuni ya familia inayoendesha bustani ya michezo ya watoto hapa Mombasa. Tangu Idi iliyopita mzee aliyeianzisha amemwachia binti yake usimamizi, hali yeye mwenyewe amebaki mwenyekiti mtendaji, na mpaka leo fundi wa pampu humpelekea mzee hati za dizeli ya jenereta azitie saini, akipita mlango wa binti ulio wazi. Wenzangu husema kampuni kubwa kama Disney nazo hufanya hivyo. Je, mfano huo unafaa?

Mhasibu wa Makupa
Wa alaykum salaam. Mfano huo unawasuta wenzako. Bob Iger, aliyeiongoza Disney tangu 2005, alimkabidhi Bob Chapek uongozi Februari 2020, lakini akabaki mwenyekiti mtendaji hadi mwisho wa 2021 akisimamia shughuli za ubunifu, ambazo ndizo roho ya kampuni ile. Chapek alikuwa ametoka kusimamia bustani za michezo za Disney, kwa hiyo hakuwa mgeni wa kazi; ila majuma machache tu baadaye korona ilifunga Disneyland na Walt Disney World, na Iger akajitokeza tena mbele. Ni kweli Chapek alikuwa na makosa yake, ukiwemo mzozo na wakuu wa Florida. Hata hivyo, bodi ilipomwondoa Novemba 2022 ilimrudisha yuleyule Iger, na mkataba wake uliokuwa uishe 2024 ukasogezwa hadi mwisho wa 2026.

Bi wa Tudor
Kaka Mhasibu amesema kweli, ila tusimtwishe mzee lawama peke yake, kwa kuwa bodi nayo yaweza kumbana mrithi. Katika SeaWorld, kampuni ya Marekani yenye bustani za michezo na wanyama wa baharini, Gus Antorcha alishika uongozi Februari 2019 akajiuzulu Septemba. Serge Rivera akaingia Novemba, naye akaondoka Aprili 2020. Wote wawili walitofautiana na bodi kuhusu kiasi ambacho bodi hiyo ilijiingiza katika maamuzi. Ushauri wangu ni kwamba iandikwe bayana nani anaidhinisha matumizi, nani anaajiri, na ni ununuzi upi, kwa mfano bembea mpya, unaopaswa kufika kwa bodi. Pia iwekwe tarehe ya mzee kuacha madaraka ya utendaji.

Mkaazi wa Kizingo
Shukran sana. Sasa nani atamwambia mzee?

Bi wa Tudor
Si wewe, ndugu yangu, wala si binti. Wakili wa kampuni aliwasilishe pendekezo kwenye kikao cha bodi, na kabla ya hapo amwendee mzee faraghani, ili asilisikie mara ya kwanza mbele ya watu aliowaajiri mwenyewe.