Watu wapunguze kuzaa ndo tuendelee, au tuendelee ndo watapunguza wenyewe?

MLETA MADA: Wakuu habari zenu. Tangu sensa ya 2022 itoke, Watanzania tumefika milioni 61.7 kutoka milioni 44.9 za 2012, kila kijiwe nachopita naambiwa umaskini wetu unatokana na kuzaana hovyo, serikali ikaze watu wapunguze kuzaa. Mimi napinga kabisa. Bibi yangu alizaa kumi na mmoja akazika wanne, wawili kwa surua ndani ya wiki moja, mpaka anazeeka alikuwa akiwahesabu anawataja wote kumi na mmoja kwa majina. Yule hakuwa mjinga, alijua si wote watafika. Mama mdogo kazaa watatu tu, anao wote, na hakuna aliyemkaza. Mwaka 2004/05 watoto 112 kati ya 1,000 walikuwa wanakufa kabla ya miaka mitano, 2022 ni 43, na uzazi nao umeshuka toka 5.7 hadi 4.8 kwa mwanamke. Mtoto akipona mzazi anapunguza mwenyewe.

MCHANGIAJI: Mkuu mbona Kenya wako 3.4 na sisi bado 4.8? Wenzetu walianza mpango wa taifa wa kupanga uzazi tangu 1967, sisi mwaka 2018 Rais Magufuli anasimama jukwaani anawaambia wanawake waachane na hayo mambo. Kuhimiza kunasaidia, tusidanganyane.

MLETA MADA: Hiyo Kenya ndo ushahidi wangu. Wameanza 1967, lakini mwishoni mwa miaka ya 70 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8, yaani mpango upo zaidi ya miaka kumi na uzazi hausogei! Umekuja kushuka baadaye, mabinti wamekaa shule na watoto wanapona. Na leo hii utafiti wao wa 2022 unaonyesha Nairobi 2.5, Mandera kule kaskazini mashariki 7.7, nchi moja sera moja. Mandera wanachokosa ni shule na hospitali, mahubiri wameyasikia sana.

MCHANGIAJI MWINGINE: Kaka zangu mnabishana vizuri ila hamjawahi kukaa kwenye lile benchi la kliniki. Mimi niko Mbagala, form four nimemaliza, watoto wawili, ada na twisheni zinanitoa jasho, nilishaamua basi. Nikaenda kituo cha afya kuchoma sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu, nesi akaniambia zimeisha rudi mwezi ujao, nikarudi hakuna, alafu sina hela ya kununua duka la dawa. Huyu wa tatu ana miezi saba sasa, nampenda sana, ila sikumpanga. Kwa hiyo elimu ninayo, na watoto wangu walipona, kilichokosekana ni sindano.

MLETA MADA: Dada nimekuelewa na hapo nakubali nilikosea, nilizungumza kama vile mtu akishaamua mambo yameisha. Ila wanaotaka serikali ikaze waelewe kwamba zaidi ya asilimia 40 yetu wako chini ya miaka 15, hata kila mwanamke akizaa wawili kuanzia kesho bado tutaongezeka miaka mingi kwa sababu mabinti watakaozaa wameshazaliwa, wako darasani sahivi. Kwa hiyo madarasa na wodi hatuna pa kuyakwepea. Hebu wengine semeni, huko kwenu mwezi huu sindano zipo?