Divisheni wani ya pointi 17: abaki PCB au tubadilishe?

Shangazi wa Kihonda
Habari wakuu. Nina binti wa kaka yangu, nimemlea hapa Morogoro tangu darasa la tatu. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, kapata divisheni wani, ile ya mlangoni kabisa, pointi 17 (si mnajua pointi zikiwa chache ndiyo bora, A ni 1, B ni 2, C ni 3, na zinahesabiwa za masomo saba bora). Kiswahili A, Historia B, Kiingereza B. Jiografia, Fizikia, Kemia na Baiolojia zote C. Hisabati D. Kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, alijaza PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), na baba yake aliyeko Mbeya ameshaanza kumwita "daktari" kwenye simu. Mimi nikipiga hesabu, PCB ana pointi 9, HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) ana 5. Dirisha la kubadili tahasusi, yaani hayo masomo matatu, liko wazi. Msinitukane, mimi fundi cherehani tu.

Kipimajoto
HKL, shangazi. PCB mwisho pointi 10, hapo kaponea chupuchupu. Na huko five kuna BAM, zile hesabu za ziada za watu wa sayansi, inamsubiri. Mimi nilikuwa na B ya Hisabati na bado BAM ilinitoa jasho.

Ticha wa Zamu
Mama, usikimbilie. C inaanzia alama 45 inakwenda mpaka 64. Wa 45 na wa 64 wanaandikiwa herufi moja, lakini ukiwaweka darasani ni watoto wawili tofauti. Tafuta karatasi za mock, ule mtihani wa majaribio. Halafu, shule yao ilikuwa na mwalimu wa Fizikia?

Shangazi wa Kihonda
Aliyekuwepo alihamishwa wakiwa kidato cha pili, hakuja mwingine. Walisomea daftari la kijana wa jirani.

Ticha wa Zamu
Basi hiyo C ni nzito kuliko inavyoonekana. Ninao wenye C hiyohiyo waliolipiwa twisheni miaka miwili. Ila D ya Hisabati siifumbii macho, Fizikia ya five ni hesabu tupu. Kama ni tiba tu, ipo diploma ya utabibu, miaka mitatu, anaingia na hayohayo matokeo ya form four.

Kipimajoto
Na ada? Huyo wa Mbeya atalipa, au kazi yake kuita "daktari"?

Shangazi wa Kihonda
Umenichekesha, na jibu unalo. Karatasi za mock nimezikuta chini ya godoro: Baiolojia 61, Fizikia 58, Kemia 46, Hisabati 33. Nikamkalisha nikamuuliza mwenyewe, maana kusema kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza. Anasema alijaza PCB kwa sababu waliambiwa wenye sayansi wasichezee nafasi. Udaktari hautaki, damu inamtia kizunguzungu. Anataka kufundisha Baiolojia. HKL nilipoitaja alinuna. Sasa naiona CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), nayo inamtoa na pointi 9. Ticha, huko BAM ipo?

Ticha wa Zamu
Ipo, mama. Fizikia ndiyo haipo. Aanze kuishughulikia Kemia leo, asingoje kuripoti.