Baridi ya Uyole na samaki wa kwenye tanki: naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Niko Uyole, Mbeya, nimepanga, na uani pana nafasi ya tanki la lita 500 na meza moja ya mboga. Nataka maji ya samaki yalishe saladi na spinachi, kisha yarudi tankini. Mwenye nyumba karidhia, ila kasema mbu wakizaliana nahama mimi na samaki wangu.

Kanuni naielewa: bakteria hugeuza amonia, yaani taka ya samaki, kuwa naitreti ambayo ni mbolea, mmea unaila. Kinachonitisha ni baridi. Perege wanataka maji ya nyuzi 25 hadi 30, na huku Juni na Julai asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni. Maji yakipoa sana wanasusa chakula, na bakteria nao wanazubaa. Hita sitaki, luku itanimaliza.

Kufunika kwa nailoni kama kitalu kunatosha? Au niachane na samaki, nitumie virutubisho vya kuchanganya kwenye maji tu? Na umeme ukikatika usiku pampu ikazima, mnafanyaje?

Aliyewahi kutumia vile vijiwe vyepesi vya volkano badala ya kokoto kwenye meza ya mboga pia aniambie vinaoshwaje.