Fundi kaziba vakyumu ya breki kwa bolti, halafu ananiambia mguu wangu ndio laini

Mkazi wa Kimara

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa mafundi kwa ujumla, huu una mtu wake. Simtaji jina na wala sina haja, nusu ya humu ndani mmeshapita mikononi mwake. Yule wa gereji ya chini ya mwarobaini, ambaye gari ikifika hata haijazimwa ameshasema ni koili. Mnamjua.

Muda huu niko nyumbani, mguu wa kulia bado unatetemeka. Mguu huo huo anaouita laini.

Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ. Sailensa, yaani resi ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ilianza kucheza. Ukiwasha asubuhi resi inapanda, inashuka mpaka gari inataka kuzima, inapanda tena, na taa ya chek injini inawaka. Ukisimama kwenye foleni unasikia ssss kutokea nyuma ya injini, upande wa dereva. Mtu yeyote mwenye masikio angeanza na hiyo sauti. Yeye akaanza na mfuko wangu.

Akasema plagi, nikanunua plagi. Akasema koili, nikanunua koili zote nne. Akasema nozeli zioshwe, zikaoshwa. Akasema basi imebaki kontroli boksi. Hapo nikamwambia, fundi, hii sauti si hewa inaingia kwenye manifodi, lile bomba la kugawa hewa ya injini, bila kupita kwenye sensa? Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Akatoboa kifuniko cha chupa ya maji, akajaza petroli, akaanza kuinyunyiza kwenye injini inayounguruma, eti anatafuta panapovuja. Kwenye 1NZ ekzosi iko upande wa nyuma, huko huko alikokuwa anamwagia! Kijana wake kashika boneti kwa mkono mmoja, mkono wa pili una sigara. Nilirudi nyuma mpaka nikagota ukuta wa jirani. Mtaa mzima ungeondoka na sisi.

Petroli ikaisha bila mlipuko, Mungu ni mkubwa. Akaniambia niende nikanywe chai. Niliporudi sailensa imetulia, ssss hakuna. Nikamlipa na juu nikamwongezea ya maji.

Nashuka kutoka Kimara kwenda Ubungo, bajaji mbele yangu inasimama ghafla kupakia abiria. Nakanyaga breki. Pedali haiendi. Nakanyaga tena, haiendi. Ilibidi niweke miguu yote miwili, nijiinue kwenye siti, mgongo ukutane na paa, ndipo gari ikasimama. Kati ya bampa yangu na ile bajaji pangepita daftari tu. Abiria wa nyuma aligeuka akanikodolea macho na mimi nikamkodolea, hakuna aliyeweza kusema kitu.

Nikarudi gereji kwa gia ndogo na handibreki. Nimemkuta anakula. Namwambia fundi, breki imekuwa ngumu, nimeponea chupuchupu kuua watu. Hakuinuka. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitafuna lote, akameza, ndipo akasema mbele ya watu wote waliokaa pale:

"Breki iko sawa bosi. Mguu wako ndio laini."

Wakacheka. Yule kijana wa sigara alicheka mpaka akakaa chini.

MGUU WANGU NDIO LAINI!

Nimeipeleka kwa fundi mwingine jioni hii hii. Kafungua boneti, kagusa mpira unaotoka kwenye manifodi kwenda kwenye haidrovaki, kile kisaidizi cha breki, ukamtoka mkononi. Ulikuwa haujafungwa popote, umeegeshwa tu ili uonekane upo. Ndani ya ile chuchu ya manifodi mmesindikwa bolti ya spana kumi, imezungushiwa thredi tepu ya mafundi bomba na kufungwa kwa kipande cha chubu ya baiskeli. Kazi safi kabisa, mafundo matatu, ncha zimekatwa kwa wembe. Na mpira wenyewe, chini karibu na valvu ya njia moja, una ufa wa urefu wa kucha.

Sasa elewa hapo. ALIPAONA PANAPOVUJA. Alipapata! Kilichobaki ni kukata kipande cha mpira kipya, kitu ambacho kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani unapewa ukiwa umebakiwa na chenji ya daladala. Akaona ni taabu, akaninyang'anya breki. Halafu na tonge mkononi, mguu wangu ndio laini.

Nina hasira wakuu.

Kibuyu

Pole sana mkuu. Ila huyo jamaa namjua kwa sauti tu hata bila jina. Mimi aliniambia gari yangu inatetemeka kwa sababu nimezoea kupanda mwendokasi.

Mpita Njia

Chai hii. Miguu yote miwili kwenye breki na bajaji bado ikakosewa kwa upana wa daftari? Daftari la kurasa ngapi?

Mkazi wa Kimara

Mpita Njia, njoo Kimara nikutolee haidrovaki kwenye gari yako halafu ushuke nayo Ubungo, utaleta daftari mwenyewe.

Spana 14

Naandika kama fundi, na kazi hii ndiyo inayonilisha. Alichofanya huyo mtu kwetu hatukiiti ufundi.

Haidrovaki inaisaidia breki kwa kuvuta hewa upande mmoja wa diaframu, ule utando wa ndani, na mvuto huo unatoka kwenye manifodi. Ukiziba pale, breki inabaki na nguvu ya mguu peke yake. Gari itasimama, lakini kwa msuli wa mbeba magunia. Kwa hiyo mguu wa mleta mada hauna tatizo lolote.

Kutafuta uvujaji wenyewe ni kazi ya subira. Mimi naanza na sikio. Nachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine naizungusha kwenye kila kiungo. Panapovuja panakupigia mluzi. Kisha nabana mipira mmoja mmoja kwa plaizi iliyofungwa kitambaa, ule ambao ukiubana sailensa inabadilika ndio wenye neno. Gasketi ya manifodi naijaribu kwa maji ya kunyunyiza, kidogo kidogo. Maji yakifunika ufa injini inabadili sauti. Wanaotumia kabureta klina wanajua hatari yake, wanakaa na kizima moto karibu. Petroli kwenye chupa, hapana. HAPANA. Nimeshaona mtu akiungua uso kwa mchezo huo.

Mwenye mashine ya moshi ndiye mfalme. Injini imezimwa, unapuliza moshi wa mafuta kwenye manifodi kwa presha ndogo sana, unakaa na tochi unasubiri utokee wapi.

Na kabla ya hayo yote soma namba za mafuta kwenye kompyuta. Kodi ikiwa P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, angalia kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani kwenye sailensa. Ukikuta imeongeza asilimia 15 au 20, halafu ukishika resi ya 2500 inarudi karibu na sifuri, hiyo ni hewa ya wizi. Kwenye sailensa throtoli, ule mlango wa hewa, imefunga, hewa halali ni kidogo, kwa hiyo ya wizi inaonekana kubwa. Ukipandisha resi hewa halali inakuwa nyingi, ile ya ufa inamezwa. Ikiwa namba inapanda pamoja na resi, kaangalie pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Koili zako nne zilikuwa nzima mkuu. Pole.

Mkazi wa Kimara

Spana 14, Mungu akubariki. Hizo namba yeye hakuzisoma kabisa. Mashine anayo, imetundikwa ukutani na kava lake.

Na nataka mfahamu, hata alipoona nimekasirika alikuwa na nafasi ya kusema samahani. Akachagua mguu wangu.

Dogo wa Data

Kuhusu kusoma namba, niongeze kitu. Vile visomeo vidogo vya bluetooth wanavyouza barabarani vinagoma kwenye IST nyingi. Gari za soko la ndani la Japani za miaka ile hazilazimiki kuongea lugha ya OBD ya kawaida, ile ya kuongea na mashine za kupimia. Ukichomeka ikakataa usidhani gari imekufa, tafuta mwenye mashine inayoelewa Toyota.

Nyanda za Juu

Nyie mmeumizwa kwa bolti, mimi nilifunguliwa injini nzima. Niko Mbeya. Alikuja fundi kutoka Dar na geji yake ya vakyumu, ya kupima mvuto wa manifodi, mtu mwenye sifa, amevaa ovaroli limepigwa pasi. Akachomeka geji, ikasoma inchi 15 za zebaki. Akatikisa kichwa kama daktari. Akasema injini nzima inatakiwa isome kati ya 17 na 21, hii yako ringi zimekwisha.

Ndugu zangu, hiyo 17 mpaka 21 ni ya usawa wa bahari! Kila futi 1000 unazopanda geji inashuka kama inchi moja. Mbeya tuko mita 1,700, huko ni zaidi ya futi 5,500. Kwa hesabu hiyo 15 yangu ilikuwa afya tele, na mshale ulikuwa umetulia hata hautikisiki. Injini ikafunguliwa, ringi zikakutwa nzima, ikafungwa, na sasa inavuja oili mahali ambapo haikuwahi kuvuja tangu itoke Japani.

Alipoulizwa akasema baridi ya Mbeya ndiyo imeponza.

Kibuyu

Baridi ya Mbeya, mguu wa Kimara. Hawa watu wana chuo kimoja.

Dereva wa Mkonga

Ndiyo maana mimi na petroli tuliachana. Mkonga wangu, Land Cruiser ya dizeli ya 1HZ, hauna habari za manifodi, dizeli haina throtoli ya kutengeneza huo mvuto. Ina pampu yake ya vakyumu inayozungushwa na injini, breki siku zote ipo. Uzeni hivyo vikombe vya chai mnunue gari.

Spana 14

Dereva wa Mkonga, hiyo pampu ikichoka au mpira wake ukipasuka, pedali inakuwa ngumu vile vile, tena una tani mbili mgongoni.

Dereva wa Mkonga

Haijawahi kuchoka.

Nyanda za Juu

Itachoka ukija Mbeya, utaambiwa ni baridi.

Mama wa Mitumba

Samahani kuingilia uzi wa wanaume, ila haya majibu nimeyasikia kwa fundi cherehani. Nilimpelekea kitenge cha harusi ya mdogo wangu, akanipima mwenyewe kwa futi yake, akaandika kwenye daftari lake. Naenda kuchukua nguo, zipu haipandi hata nusu. Akaniambia, "Nguo iko sawa dada, wewe ndio umeongezeka." Mbele ya wateja! Na kitenge kilichobaki nimekiona amekishonea mwanawe kaptula.

Bibi Kizee Mjini

Mama wa Mitumba nakazia. Wa kwangu alishona mikono miwili yote ya kushoto.

Mkazi wa Kimara

Wakuu turudi kwenye mada. Nataka kujua, mtu kama huyu unamshitaki wapi? Ile bolti ninayo, nimeiweka kwenye kibahasha.

Mpita Njia

Nenda Mahakama ya Mwanzo na kibahasha chako, na mguu upelekwe kama kielelezo cha pili.

Mkazi wa Kimara

Mpita Njia, siku gari isiyo na breki ikija upande wako usiniite mkuu.

Spana 14

Mkuu, kabla ya mahakama kabadilishe mpira wote, usiunge, na ile valvu ya njia moja uinunue mpya. Kisha jipime mwenyewe. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia mguu pale pale, washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, haidrovaki inafanya kazi. Isipozama usitoke nayo barabarani.

Bibi Kizee Mjini

Mama wa Mitumba, kile kitenge kilikuwa cha yadi ngapi? Maana wengine wanadai gauni la mshono linakula yadi sita, na mimi naona wanatupiga yadi mbili nzima.

Mama wa Mitumba

Sita kamili, niliipima mwenyewe dukani.

Kibuyu

Yadi sita kwa gauni moja? Hapo na kaptula ya mtoto ilikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Dogo wa Data

Kuna mtu anamjua fundi suti wa uhakika Kariakoo? Nina sendofu ya dada yangu Jumamosi na kitambaa bado kiko kwenye mfuko.

Mama wa Mitumba

Jumamosi hii? Mdogo wangu, kanunue ya mtumba, njoo nikuchagulie mwenyewe.