Shamba haina asiransi, leta inaweza kukulipa?

kalehe_kwetu
Jambo bandugu. Mie niko Bukavu lakini shamba ya mama iko kule Kalehe. Mwezi uliopita mvua ya mawe imepiga maharagi ikiwa mu maua, dakika makumi mbili tu, kesho yake majani ilikuwa na matundu kama chujio na maua yote chini. Sasa binamu yangu mwenye anaishi Kentucky ananiambia eti kule leta inalipaka mulimaji mwenye hana asiransi. Ni kweli? Na hapa mtu anaweza uliza wapi, ao nisijichokeshe bure?

fundi_mboga
Pole sana kaka. Ni kweli lakini binamu amekuambia nusu. Ile programu inaitwa NAP, iko ya wizara ya kilimo ya Marekani, na ni ya mazao yenye huko kwako hakuna asiransi ya kununua, sio ya mtu mwenye alikatala kununua. Na unajiandikishaka mbele ya musimu, unalipa dola 325 kwa kila zao, unaonyesha shamba ni kiasi gani na unavunaka ngapi. Balaa ikikupata uko na siku 15 za kutoa taarifa. Kukuja na kilio kisha mvua kupita, hapana.

Tena hawalipi yote. Tuseme ulingojea gunia 100, umevuna 20. Kwa kiwango cha chini kabisa cha NAP wanakuhesabia 50, wanatosha zile 20, inabaki 30, na kila moja wanailipa 55% ya bei ya soko. Gunia ikiwa dola 40, unapata 660. Ungevuna 50 ao zaidi, hakuna kitu.

mama_wa_ziwa
Kumbe na wao wanalipa kwanza!! Mie nilizani ni zawadi.

Hapa kwetu, Mai 2023 wakati mito ilimeza Bushushu na Nyamukubi, mawe ilibaki mu mashamba makubwa kuliko nyumba. Watu wa madaftari walikuja kuandika majina yetu mara tatu, tulipata unga, bashi, masufuria, aksanti yao. Lakini hakuna ata moja mwenye aliuliza ulikuwa umepanda kilo ngapi.

ruzizi1
Vuka tu Ruzizi uone. Rwanda tangu 2019 kuko asiransi ya mazao na mifugo, leta inalipia mulimaji 40% ya prime (ile pesa ya kulipia asiransi), inayobaki analipa mwenyewe. Huku sheria ya 2015 ilifungulia makampuni ya asiransi mlango, lakini mie naonaka tu asiransi ya motokari. Agent mu shamba ya maharagi sijaona bado.

kalehe_kwetu
Aksanti wote. Basi hata leta ingekuja kesho, mama hana karatasi. Yote iko mu kichwa: kilo 20 za mbegu, anavunaka gunia mbili mwaka ikiwa mzuri. Nimemwambia kwa simu tuanze kuandika, akacheka sana, eti daftari utampelekea nani?

fundi_mboga
Mupelekee koperative kama iko moja karibu. Wafadhili wakikuja wanaanziaka na wenye wako na liste. Na picha za shamba, kila musimu, usingojee balaa.

kalehe_kwetu
Sawa yaya. Kwa sasa anataka kupanda tena, kuko mtu anajua wapi Bukavu wanauzisha mbegu ya maharagi yenye inaiva haraka?