Brailsford aiacha timu ya taifa ya baiskeli ya Uingereza: je, huu ulikuwa wakati wake?

Mpenda Mbio (Dar es Salaam)

Wapenzi wa baiskeli, salaam. Jana, tarehe 11 Aprili 2014, Dave Brailsford ametangaza kwamba anaachia uongozi wa timu ya taifa ya Uingereza, kazi aliyoishika kwa takriban miaka kumi, ili nguvu zake zote azielekeze Team Sky, timu ya kulipwa ya mbio za barabarani anayoiongoza pia. Anasema kazi hizo mbili haziwezi tena kufanywa na mtu mmoja kwa kiwango kinachotakiwa. Mimi siyakubali maelezo hayo. Tangu Team Sky ilipoanza mwaka 2010 amezishika zote mbili, na mwaka 2012 mpanda baiskeli wake, Bradley Wiggins, alishinda Tour de France siku chache tu kabla ya Olimpiki ya London, ambako timu ya taifa ilivuna dhahabu nane. Kilichobadilika ni matokeo: kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, katika mashindano ya dunia ya uwanjani kule Cali, Kolombia, wanaume wa Uingereza hawakupata dhahabu hata moja. Imebaki miaka miwili kufika Olimpiki ya Rio, naye anaondoka. Fedha za umma ndizo zilizomjengea jina, na sasa jina hilo analihamishia kwenye timu ya kampuni. Simnyimi sifa zake, kwa kuwa ndiye aliyemwokota Chris Froome, bingwa wa Tour de France ya 2013, kijana ambaye angebaki Kenya angeishia kubeba maziwa kwa baiskeli.

Mkaazi wa Kikuyu

Ndugu, nimeisoma hoja yako yote, lakini sentensi ya mwisho imenikaa kooni. Froome hakuokotwa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na miwili mama yake alimkutanisha na mwanabaiskeli David Kinjah, huku kwetu Kikuyu, mji ulio karibu na Nairobi, akafundishwa kuvipanda vilima hivi hivi tunavyovipanda sisi. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne, na ni huko ambako macho ya Brailsford na wenzake yalimwangukia. Aliyemnunua ng'ombe mnadani hawezi kudai kwamba ndiye aliyemlea tangu ndama. Kuhusu maziwa, mimi nimeyabeba kwa baiskeli kwa miaka sita, lita arobaini kila alfajiri, na mapafu niliyo nayo yametoka huko. Usiitaje kazi hiyo kama shimo ambalo mtu anapaswa kuokolewa kutoka ndani yake.

Mwalimu wa Hesabu (Mwanza)

Naomba turudi kwa Brailsford. Mwaka 1996, katika Olimpiki ya Atlanta, Uingereza, kwa michezo yake yote, ilipata dhahabu moja tu. Mwaka uliofuata fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kuelekezwa kwa wanamichezo wa juu, na uwanja wa baiskeli wa Manchester ulikuwa umeshafunguliwa tangu 1994. Mpango wenyewe wa baiskeli ulichorwa na kocha Peter Keen, na mwanabaiskeli Jason Queally alishinda dhahabu Sydney mwaka 2000, kabla Brailsford hajawa mkuu. Athens zikawa dhahabu mbili, na Beijing, kama sikosei, saba. Kuelekea London walipewa takriban pauni milioni 26, na kuelekea Rio kiasi kinazidi milioni 30. Zile faida ndogondogo anazosifiwa, yaani mito ya kulalia, kunawa mikono vizuri na kupunguza kila gramu isiyo na kazi, ni za kweli na ninaziheshimu, lakini hazianzi mpaka mshahara wa fundi uwe umelipwa. Kwa hiyo akiondoka mtu mmoja, mfumo bado upo.

Mpenda Mbio

Mwalimu, Beijing ni nane: saba uwanjani, na ya nane ni ya Nicole Cooke barabarani. Ndugu wa Kikuyu, kama nimewadharau wabeba maziwa naomba radhi, lakini hoja yangu siiondoi. Mwaka huo huo wa 2006, ili ashiriki mashindano ya dunia kule Salzburg, Froome alilazimika kujiandikisha mwenyewe kwa barua pepe iliyotumwa kwa jina la shirikisho la Kenya. Nchi iliyomwacha kijana afike hapo isilalamike alipochukua leseni ya Uingereza mwaka 2008.

Dada wa Tanga

Cali imetajwa hapa, lakini wote mmewaruka walioshinda huko. Dhahabu za Uingereza zilikuwa mbili, na zote zililetwa na wanawake: Joanna Rowsell katika mbio za kufukuzana za mtu mmoja mmoja, ambapo wawili huanza pande mbili za uwanja, kisha timu ya wanawake katika mbio hizo hizo za kitimu. Team Sky, anakokwenda Brailsford, haina timu ya wanawake. Cooke huyo mliyemtaja alipostaafu Januari 2013 alieleza waziwazi jinsi mbio za wanawake zilivyopuuzwa. Basi mkuu anapoiacha timu ya taifa na kubaki na ile ya kampuni, anawaacha nani hasa?

Mkaazi wa Kikuyu

Habari ya Salzburg inaniuma kwa sababu ni kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kufuzu mashindano ya nje, nikaahidiwa nauli na viongozi ambao sitawataja, na siku ya safari simu zao zote zilikuwa zimezimwa. Lakini nchi ni nani? Waliozima simu ni nchi, na aliyempa mtoto wa watu nafasi ya kulala na kumfundisha kuunga mnyororo si nchi? Brailsford akiondoka, kocha Shane Sutton yupo pale pale kuendeleza ufundi, na fedha zitaingia mwisho wa mwezi. Huku kwetu mlezi mmoja akichoka, vijana wanarudi nyumbani.

Mwalimu wa Hesabu

Hapo ndugu umeniongezea hoja. Brailsford anaweza kuondoka bila kuivunja nyumba kwa sababu nyumba haikujengwa juu ya mgongo wake, na hilo pia lihesabiwe miongoni mwa kazi zake njema.

Dada wa Tanga

Nimeuliza swali tangu asubuhi, na halijajibiwa na hata mmoja wenu.

Mkaazi wa Kikuyu

Dada, nilikusoma nikakupita, na ninaomba radhi. Kwa Brailsford sina jibu la kumtetea. Kwa hapa kwetu, wasichana wanaopanda nasi Jumapili ni wawili. Wanatumia baiskeli za kaka zao. Kiti tumekishusha hadi mwisho, na bado miguu yao haifiki vizuri kwenye pedali.