Naomba ushauri: karatasi za rangi zinajikunja, na kingo zina menomeno

Nyotambili: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza picha ya vipande vya karatasi za rangi kwa mtindo wa Henri Matisse, yule msanii Mfaransa. Nikishapaka, karatasi zinajikunja kama majani makavu, na kingo za maumbo zina menomeno. Maonyesho ni Jumamosi. Nifanyeje zinyooke? Usingizi sina.

MzeeGundi: Rangi ikikauka inaivuta karatasi upande mmoja. Geuza, pitisha brashi ya maji nyuma, ikikaribia kukauka ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Na uchukue karatasi nene, ya daftari haitakuvumilia.

BintiRangi: Mimi nilianza kukata mwaka niliofiwa. Miezi mitatu majani ya bluu, bluu tu. Nyekundu sikuigusa kabisa. Pole, usikate tamaa mpendwa.

MkasiMmoja: Unapokata unazungusha mkasi au karatasi? Mkasi utulie, karatasi ndiyo izunguke. Weka picha tuone.

Nyotambili: Picha sina kwa sasa. Mimi napunguza tu kingo zikae vizuri.

MkasiMmoja: Unapunguza baada ya nani kukata?

Nyotambili: Mama. Alipata kiharusi mwaka jana. Anakata mchana, akilala mimi nasawazisha palipochanika. Sioni ubaya, sitaki watu wamcheke. Na Matisse mwenyewe alikuwa na wasaidizi!

MwalimuSanaa: Wasaidizi wake walipaka karatasi gwashi, yaani rangi nzito ya maji, wakabandika vipande ukutani kwa pini, wakavisogeza kila alipoelekeza. Mkasi aliushika yeye, wala hakuchora kwanza kwa penseli. Itazame picha yake ya vipande iitwayo Konokono, ya 1953, karibu mita tatu kwa tatu, uone kama kuna kipande kilichonyooshwa kwa rula. Mzazi hasahihishwi akiwa amelala.

Ngurumo: Wadau, hii chai. Matisse alipasuliwa tumbo 1941, akabaki wa kitanda na kiti cha magurudumu, ndipo mkasi ukawa brashi yake. Leo mama wa mtu naye hivyo hivyo, na maonyesho Jumamosi? Umesoma historia ukaja kututungia.

MzeeGundi: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mbona hili hakulisema mwanzo?

Nyotambili: Sikusema kwa sababu naona aibu. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Akishika mkasi kwa kushoto, karatasi inalala katikati ya makali badala ya kukatika, basi anaishika kwa meno na kuivuta. Kwenye jani moja la manjano alama za meno zipo. Hilo sijaligusa.

MkasiMmoja: Nimekuamini. Mkasi huo ni wa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, vidole vinayasukuma makali yaachane. Mtafutie wa mkono wa kushoto. Wewe mshikie karatasi, uizungushe taratibu, yeye ndiye aseme basi.

MwalimuSanaa: Na ulivyokwisha kuvipunguza, mwambie.

Ngurumo: Nisamehe mkuu. Jani la manjano liweke katikati ya picha.

Nyotambili: Nimemuuliza sasa hivi, ameamka. Anataka likae chini, pembeni. Halafu ameangalia kapu, ananiuliza mbona mabaki yamekuwa mengi hivi. Bado sijamjibu.